Niliyojifunza Baada ya Homa ya Chikungunya

Mlipuko wa chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, uliotupata Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 umeandikwa katika taarifa za afya. Kufikia tarehe 3 Februari 2018, kaunti yetu ilikuwa imeripoti wagonjwa 453, wakiwemo 32 waliothibitishwa na maabara na 421 walioshukiwa kutokana na dalili zao. Mimi niliugua Januari ya mwaka huo. Ninayotaka kuyaeleza hapa hayamo katika hesabu hiyo, kwa sababu hesabu ya mlipuko hufungwa pale homa inapoacha kuenea, ilhali kwa wengi wetu sehemu nzito ya ugonjwa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Homa yenyewe ilikaa nami kwa siku chache tu. Viungo viliniuma kwa miaka, na katika miaka hiyo nililazimika kujifunza namna ya kufanya kazi, kuswali, kulea na kujitibu nikiwa na mwili ambao kila aliyeutazama aliamini kwamba umekwisha kupona.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na makazi yangu ni Kisauni. Wakati huo nilikuwa nimeshavuka umri wa miaka arobaini, sina kisukari wala shinikizo la damu, na sikuwa nimewahi kulalamikia magoti wala mikono. Homa ilinijia ghafla jioni, na kufikia alfajiri sikuweza kutoka kitandani bila kushikwa. Nilipopelekwa zahanati nilipimwa malaria na haikuonekana. Tabibu aliyenihudumia, ambaye tayari alikuwa amepokea wagonjwa wengi wa namna yangu, aliniambia kuwa virusi hivi havina dawa ya kuviua, kwamba ninywe maji kwa wingi, nipumzike, nitumie parasetamoli, na nisithubutu kumeza asprini wala ibuprofeni mpaka ihakikishwe kuwa sina homa ya dengue. Alinieleza sababu: dengue huenezwa na mbu yuleyule na dalili zake hufanana na hizi, lakini dengue yaweza kumfanya mgonjwa avuje damu, na dawa hizo huongeza hatari hiyo. Aliniagiza pia nilale ndani ya chandarua hata mchana kwa wiki ile ya kwanza, kwa kuwa mbu akimuuma mgonjwa katika siku hizo huchukua virusi na kuwapelekea wengine wa nyumbani. Hadi leo namshukuru kwa maelezo yake, kwa kuwa watu wengi katika mtaa wetu walikuwa wakitibiwa malaria na homa ya matumbo ambazo hawakuwa nazo.

Homa ilipotoka, upele ukakauka na hamu ya chakula ikarudi. Watu wa nyumbani walishukuru, majirani waliokuja kunijulia hali wakapunguza kuja, na mimi mwenyewe nilijihesabu kuwa mzima. Shule zilikuwa zimefunguliwa na darasa langu lilikuwa likinisubiri.

Kilichobaki ni mikono na miguu. Kila asubuhi nilipoamka vidole vyangu vilikuwa vimevimba na kukakamaa, havikunji ngumi wala havinyooki sawasawa, na ilipita saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Maumivu yalikuwa makali zaidi katika vifundo vya mikono, viungo vidogo vya vidole, vifundo vya miguu na nyayo, na hatua za kwanza kutoka kitandani hadi msalani nilizipiga huku nimeshika ukuta. Nilikuja kutambua jinsi maisha ya nyumbani yanavyotegemea nguvu ndogo za kiganja ambazo mtu mzima hazifikirii: kufungua kifuniko cha chupa ya chai, kugeuza ufunguo mlangoni, kukamua nguo, kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi, kubana jani la mchicha na kisu kwa mkono mmoja, kufunga vifungo vya sare ya mtoto kabla hajatoka kwenda shule. Mwanangu wa mwisho alikuwa katika chekechea, na kila asubuhi alisimama mbele yangu kifua kimeinuliwa, akingoja nimfunge shati, nami nilikuwa nikipenyeza kila kifungo kwa ubavu wa kidole cha shahada kwa sababu ncha za vidole hazikuweza kubana. Baadaye dada yake alichukua kazi hiyo. Mtoto hakuuliza, bali alianza kwenda moja kwa moja kwa dada yake, na hilo liliniumiza kuliko vidole.

Adhuhuri ilipofika viungo vililegea, nikaweza kuzungumza na kucheka na wenzangu kama kawaida. Jioni yalirudi maumivu pamoja na uchovu usiolingana na kazi niliyofanya. Kulikuwa na siku nilizoamka mwepesi kabisa, nikafua na kusafisha nyumba yote kwa furaha ya kupona, kisha kesho yake nikashindwa kuinua sufuria. Mabadiliko haya ndiyo yaliyowafanya watu wasite kuniamini. Mgonjwa wa homa huguswa paji la uso akajulikana, na mwenye kidonda hufunua bandeji, lakini mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka hana ushahidi zaidi ya neno lake. Niliulizwa na mwenzangu kazini, kwa upole, kama si mawazo tu yanayonisumbua. Jamaa mmoja wa karibu alisema kuwa nimeshazoea kuhudumiwa. Simlaumu sana, kwa sababu aliniona mchana tu.

Aliyenielewa tangu mwanzo ni mama mkwe wangu, ambaye ni mzaliwa wa Lamu. Aliponiona nikishuka ngazi kwa ubavu, mguu mmoja baada ya mwingine, alisema, "Mwanangu, huu ndio ule wa Lamu," kisha akanisimulia mwaka 2004, pale watu wazima na vijana walipokuwa wakitembea wakishika kuta za vichochoro, na wavuvi wenye nguvu wakashindwa kuvuta kamba zao muda mrefu baada ya homa kuisha. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Uchunguzi wa damu uliofanywa Lamu baada ya mlipuko ule ulikadiria kuwa takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ulivuka bahari: mwaka 2005 ulifika Komoro, kisha katika mwaka huo na wa 2006 ukakiangukia kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu wote waliugua, na baadaye ukaenea India. Wala Lamu haikuwa mwanzo wake. Virusi hivi vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Kwa hiyo sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumeishi na ugonjwa huu kwa muda mrefu kuliko vitabu vilivyouandika, na bado mgonjwa wake huambiwa kuwa ni mawazo.

Nilianza kusoma kila nilichoweza kupata, na kilichonipa nguvu zaidi ni habari za Réunion, kwa kuwa madaktari wa huko waliwafuatilia wagonjwa wao baada ya homa. Katika utafiti mmoja, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walisema kwamba viungo vilikuwa vikiwauma bado, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuugua. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, wale ambao maumivu yao ya mwanzo yalikuwa makali mno, na wale waliokuwa na matatizo ya viungo hapo kabla. Niliposoma hayo, mzigo fulani ulinitoka kifuani. Maumivu hayakupungua hata kidogo, lakini sikuwa tena na haja ya kujiuliza kama nimekuwa dhaifu wa moyo, au kama mtu amenifanyia jambo, maana hilo nalo nililisikia likinong'onwa.

Miezi mitatu ilipopita na vidole bado vinavimba, nilikwenda hospitali kubwa nikamwona daktari bingwa. Alinibonyeza kila kiungo kimoja kimoja, akanipima damu ili kuona kama ni baridi yabisi, na akanieleza kuwa madhara ya chikungunya yanaweza kufanana mno na baridi yabisi, na kwamba kwa wachache virusi huonekana kuibua ugonjwa wa viungo wa kudumu ambao unahitaji matibabu yake mahususi. Vipimo vyangu havikuonyesha baridi yabisi. Sasa kwa kuwa dengue haikuwa tena jambo la kuhofiwa, aliniandikia dawa ya kupunguza uvimbe pamoja na ya kulinda tumbo, akasisitiza nisiimeze bila chakula, na nisiitumie kwa mfululizo bila kurudi kwake kupimwa figo. Ramadhani ilipoingia katikati ya Mei nilirudi kumuuliza, na tukapanga dawa imezwe baada ya futari na wakati wa daku. Nalitaja hili kwa kuwa najua wenzangu waliokuwa wakizimeza jioni kabla hawajatia chochote tumboni, wakaishia na vidonda vya tumbo juu ya maumivu ya viungo.

Hapa nataka kusema kwa kirefu kuhusu jambo ambalo limewadhuru watu wa mtaani kwangu kuliko mbu. Katika miezi ile palikuwa na vidonge vilivyouzwa katika maduka ya dawa, vimefungwa kwenye kijikaratasi bila jina, na mtu akivimeza jioni huamka asubuhi vidole vimelegea. Watu walielekezana. Jirani yangu mmoja, mama mwenye kazi ya kufua nguo za watu, alivitumia kwa miezi mingi kwa sababu bila hivyo asingeweza kukamua shuka hata moja. Uso wake ukajaa ukawa mviringo, ngozi ya mikono ikawa nyepesi na yenye kuchubuka, na alipokuja kupimwa sukari ilikuwa imepanda sana. Daktari alimwambia kuwa vilikuwa vidonge vya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Dawa hizi si sumu. Daktari anaweza kuzitoa kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, na kwa mgonjwa anayefaa husaidia. Lakini zikitumika kwa muda mrefu bila uangalizi hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na mwili nao huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, hivi kwamba mtu akizikatiza ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Jirani yangu ilibidi apunguziwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Ninamtetea kila nisikiapo akilaumiwa. Alikuwa na watoto wa kulisha na mikono iliyogoma, na duka lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, wakati daktari bingwa alihitaji nauli, siku nzima ya foleni, na ada ambayo ni mapato ya siku kadhaa. Yeyote anayetaka watu waache vidonge hivyo hana budi kwanza kuwafikishia tiba ya kweli katika zahanati za karibu.

Nilijaribu pia ya nyumbani, na sioni haya kuyasema. Mama mkwe alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto pamoja na tangawizi, na kuchuliwa kwenyewe kulinituliza, hasa usiku. Maji ya uvuguvugu asubuhi yalinifaa kuliko yote: nilitumbukiza mikono katika beseni kabla ya kutia udhu, nikikunja na kukunjua vidole ndani ya maji mpaka vikakubali. Kupiga chuku nilishauriwa, nikaona nisifanye. Dawa za mitishamba za kunywa sikuzitaka kwa kuwa nilikuwa tayari nikitumia dawa zinazohitaji figo ziangaliwe.

Kilichobadilisha hali yangu hasa ni mazoezi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyepelekwa kwake alinifundisha kitu ambacho ningependa kila mgonjwa afundishwe mapema. Kiungo kinachouma kikilazwa kabisa hukakamaa zaidi na misuli yake hunywea, na kikilazimishwa kazi nzito huvimba zaidi. Kwa hiyo kinapaswa kusogezwa kila siku hadi mwisho wa uwezo wake bila kubebeshwa mzigo. Alinifanya nigusanishe kidole gumba na kila kidole kingine, polepole, nilaze kiganja juu ya meza na kuinua kidole kimoja kimoja, nizungushe vifundo vya miguu nikiwa bado kitandani. Yalikuwa mambo madogo mno hata nikadhani hayana maana. Baada ya wiki kadhaa niliweza kufunga ngumi, si kwa nguvu, lakini vidole viligusa kiganja.

Alinifundisha pia kugawa nguvu. Aliniambia niache kabisa desturi ya kulipiza kazi zote siku ninapoamka mwepesi, kwa sababu siku hizo ndizo zinazozaa siku mbaya zinazofuata, na badala yake nifanye kiasi kilekile kila siku, iwe nzuri au mbaya, kisha niongeze kidogo mwili unapothibitisha kuwa umekubali. Lilikuwa jambo gumu kwa mtu aliyelelewa kwamba kazi haiachwi nusu. Nilijifunza kufua vichache kila jioni badala ya kufua vyote Jumamosi, kununua nazi iliyokwisha kukunwa, kubeba maji kwa ndoo ndogo na safari nyingi. Nguo za kukamua nilizizungusha kwenye bomba la uani na kulivuta shuka kwa uzito wa mwili badala ya kulisokota kwa vifundo vya mikono.

Katika swala nilipata faraja na pia majonzi. Kusujudu kulihitaji uzito wa mwili uegemee juu ya viganja, na kukaa kwenye tahiyatu kulikunja vifundo vya miguu vilivyokuwa vimevimba, hivyo kwa miezi mingi niliswali nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikiinama kadiri ya uwezo. Dini yetu imeruhusu hilo waziwazi kwa mgonjwa, na sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Hata hivyo, nilipokwenda kwenye darasa la akina mama na kukaa kwenye kiti safu ya nyuma pamoja na mabibi wa umri wa mama yangu, nilijisikia kuwa nimevushwa umri bila kuulizwa. Bibi mmoja alinishika mkono akasema, "Karibu mwanangu, Mungu anakuona ulipo." Tangu siku ile sikukikimbia kiti.

Kazini mambo yalinyooka nilipoacha kusema tu kuwa naumwa na kuanza kueleza ni nini hasa nisichoweza na ni saa ngapi. Mwalimu mkuu alipofahamu kuwa ugumu wa vidole hulegea kufikia saa nne asubuhi, alihamisha vipindi vyangu vya kuandika ubaoni viwe baada ya mapumziko, na asubuhi nikapewa vipindi vya kusoma kwa sauti na masimulizi. Darasani niliwaweka wanafunzi zamu ya kuandika zoezi ubaoni huku mimi nikisoma. Mwandiko wao ukawa bora, na wale waliokuwa wakiogopa kusimama mbele wakazoea. Kalamu ya kusahihishia niliizungushia utepe uliokatwa kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka ikawa nene kiasi cha kushikwa bila kubana, na chaki niliichomeka katika kipande cha mpira huohuo. Daftari nilizisahihisha kwa mafungu, safu moja ya madawati kwa siku. Nawashauri wenzangu wenye kazi za mikono, wawe washoni au wasusi, watazame kwanza unene wa mpini wa kifaa chao kabla ya kukata tamaa na kazi.

Miaka miwili baadaye ilikuja Korona, na ghafla watu wengi waliokuwa wamepona virusi walianza kueleza uchovu usioisha, kukosa pumzi na kusahau maneno. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hiyo ya baada ya Korona. Mwenzangu yule aliyekuwa ameniuliza kuhusu mawazo aliugua Korona, na baada yake hakuweza kupanda ngazi za ghorofa ya kwanza bila kusimama njiani. Alikuja kukaa nami chumba cha walimu, tukazungumza kwa muda mrefu kuhusu kugawa nguvu na kuhusu siku nyepesi zinazodanganya. Madhara ya Korona na ya chikungunya si kitu kimoja. Mapafu na moyo vinahitaji uchunguzi wao, na nilimsihi aende akapimwe. Lakini kuhusu kuaminiwa, shida yetu ilikuwa moja.

Haitoshi kusema juu ya viungo nikanyamaza juu ya maji. Mbu anayetuambukiza, aina ya Aedes, huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, na hapendi mitaro michafu kama watu wanavyodhani. Hutaga katika maji safi yaliyotulia karibu na watu: mapipa, matangi yasiyo na kifuniko, vyungu vya maua, vifuu vya nazi, matairi. Mombasa ni mji unaotegemea maji ya mbali, kutoka Mzima, Marere na Baricho, na mabomba ya mitaa mingi hukaa siku kadhaa bila tone. Kwa hiyo kila nyumba huweka akiba, ama kwa kuchota siku maji yanapofunguliwa au kwa kununua mitungi ya lita 20 kwenye mikokoteni. Akiba hiyo ndiyo kitalu cha mbu. Lamu mwaka 2004 kulikuwa na ukame, na watu waliweka maji majumbani kama tunavyoweka sisi. Naona ni dhuluma kumwambia mama wa Kisauni asiweke maji, wakati bomba lake ni kavu; haki ni maji yatoke kila siku, ndipo mapipa yataondoka yenyewe.

Hadi hapo, kuna la kufanya. Mayai ya mbu huyu hugandishwa kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yanapoyafikia. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kuta zapaswa kusuguliwa kwa brashi kila wiki, kabla viluwiluwi havijageuka mbu. Nyumbani kwetu kijana wangu mkubwa ndiye anayesugua pipa kila Ijumaa asubuhi, na juu yake tumefunga kitambaa cha chandarua kuukuu kwa mpira. Shuleni tulikuwa na matairi yaliyopakwa rangi na kufukiwa nusu ardhini ili watoto waruke juu yake. Niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita tukachungulia ndani baada ya mvua, na viluwiluwi vilikuwa vikijipinda majini kwa mamia. Tuliyajaza yote mchanga ndani ya wiki hiyohiyo.

Hali yangu sasa ni nzuri kwa kiasi kikubwa. Nasujudu, naandika ubaoni, na ni katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, au baada ya kazi nyingi za sikukuu, ndipo kifundo cha mkono wa kulia huvimba na kunitaka nirudi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Watu hunijia, wengine wakitumwa na mama mkwe, nami kila mmoja humwomba aandike katika daftari viungo vinavyomuuma, saa vinapokakamaa na vinapolegea, na kila kidonge alichomeza na alikokipata, kwa sababu daktari mwenye dakika chache atasoma ukurasa kwa haraka kuliko atakavyosikiliza maelezo ya mgonjwa aliyechoka. Nikiona uvimbe umepita miezi mitatu, humhimiza aombe barua ya kupelekwa kwa bingwa wa viungo. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja, anayeuza mahamri karibu na stendi, alifanya hivyo. Ikagundulika kuwa yeye anayo baridi yabisi hasa, akaanzishiwa dawa ya methotreksati anayoimeza mara moja kwa wiki na kupimwa damu na ini kila baada ya muda. Unga sasa hukandwa na mwanawe, yeye husukuma na kukaanga, na kliniki hajakosa.